Dakika tano kabla ya presha: namna ninavyouguza moyo wa mgonjwa wodini

Wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa wodini kwangu huja na swali lilelile, na huliuliza huku wameshika sinia la dawa: "Sista, muda wa kukaa na mgonjwa tukaongea naye tutaupata wapi?" Siwalaumu. Usiku mara nyingi tuko wawili, wagonjwa thelathini na kitu, wengine wamelala kwenye magodoro chini, na dripu tatu zinakaribia kuisha kwa mpigo. Mwambie muuguzi wa zamu hiyo akae nusu saa asikilize mawazo ya mtu mmoja, atakucheka, nami nitacheka pamoja naye.

Mimi muda wangu niliupata kwenye presha. Upimaji mzuri unataka mgonjwa atulie dakika 5 kabla ya kufungwa mkanda: mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelala usawa wa moyo. Dakika hizo wengi wetu tunaziruka. Tunafika, tunafunga, tunabonyeza, tunaandika, tunahama. Siku moja niliamua kuzitumia. Navuta stuli, nakaa, macho yangu yawe sawa na ya kwake, naongea naye dakika 3. Kisha namwambia, "Sasa tunyamaze kidogo, mashine haipendi maneno." Na kweli haipendi, maana mgonjwa akiongea wakati presha inapimwa namba zinapanda bure. Basi tunanyamaza wote wawili. Utashangaa: neno lenyewe, lile lililokuwa limemkaa kooni tangu juzi, hutoka nikishafungua mkanda. Sijui ni ule ukimya au ni kule kuona kwamba nimekaa na sikuondoka.

Hayo yanayofuata ndiyo ninayomwonyesha kila mwanafunzi. Nimeyaandika kwa ajili yako, mdogo wangu, uliyepangiwa kituo Kigoma au kokote penye wagonjwa wengi na wauguzi wachache.

Anza na salamu, na jina

Mtu mzima umpe shikamoo yake hata kama ameletwa amelewa. Mama mwite kwa jina la mwanawe, mama Zuhura, mama Hamisi. "Kitanda cha tisa" na "yule wa kidonda" ni maneno ya kwenye faili, yasifike masikioni mwake. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na Kiha changu ni cha sokoni, lakini bibi akiletwa kutoka Buhigwe au Kasulu, asubuhi nitamwambia "mwakeye" hata kama mengine yote yatanishinda. Uso hufunguka. Akishacheka lafudhi yangu, kazi imeshaanza.

Lugha ikikushinda, tafuta mtu mzima wa kutafsiri, na awe wa jinsia moja na mgonjwa kama mambo ni ya mwilini. Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilimtumia mjukuu wa miaka 10 amtafsirie bibi yake. Bibi akasema tumbo linauma, basi. Nikaandika tumbo. Kesho yake mama mmoja wa usafi, Muha mwenzake, alikaa naye wakati anapiga deki, na bibi akamwambia kwamba anatokwa damu, kwamba anajua ni saratani kama iliyomuua dada yake, na kwamba usiku anaomba asiamke. Angewezaje kuyasema hayo kwa kinywa cha mtoto? Mume naye si mkalimani mzuri wa mkewe, kwa sababu ambazo huna haja ya kuambiwa.

Sikia neno analolitumia yeye

Huku kwetu hakuna atakayekuja kukuambia, "Nesi, nina sonona." Atasema ana mawazo. Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili wote umechoka, usingizi hauji, chakula hakipiti. Mvuvi mmoja aliniambia, "Sista, nimekuwa kama wavu mkavu." Usimsahihishe. Chukua neno lake hilohilo umrudishie: "Mawazo hayo yalianza lini? Yanakuja zaidi saa ngapi? Yakija unafanya nini?" Maswali matatu kama hayo, yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, yatakupa mengi kuliko fomu.

Fomu nazo zipo, sizidharau. Yapo yale maswali 9 ya kupima sonona, yanayouliza hali ya wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, kukosa raha na vitu ulivyokuwa ukivipenda. Yametafsiriwa kwa Kiswahili. Nimeyakariri ili nisiyasome mbele ya mgonjwa kama karani wa sensa. Ninayatawanya. Moja wakati wa presha, mawili wakati wa kubadilisha bandeji, moja asubuhi nikimuuliza alivyolala. Kufikia jioni nina majibu yote na yeye hajui kama amehojiwa.

Anapoongea, funga mdomo. Nasi wauguzi tuna ugonjwa wa "pole, utapona tu", "usilie", "mwachie Mungu". Mungu yupo, nami naswali, lakini ukilitumia jina lake kumfunga mtu mdomo umemkosea mgonjwa na pengine Yeye pia. Badala yake sema ulichokisikia: "Kwa hiyo kinachokuumiza zaidi ni kwamba watoto wamebaki peke yao." Ukikosea atakusahihisha mwenyewe, na hapo utakuwa umeelewa.

Daktari akipita raundi na kumwambia mgonjwa jambo zito, usikimbie na raundi moja kwa moja hadi mwisho. Rudi. Muulize, "Daktari amekwambiaje?" Utakuta aliambiwa mguu una maambukizi, yeye amesikia mguu unakatwa.

Kabla hujasema ni akili, pima mwili

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa watu hufa.

Kijana aliletwa na mtumbwi kutoka vijiji vya pwani ya ziwa, amefungwa kamba mikono na miguu, anapiga kelele, anawatukana wazee. Ndugu walishasema ni majini, na hata sisi wodini kuna aliyenong'ona kwamba huyu ni wa Dodoma, yaani wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Joto lilikuwa 39 na kitu. Kipimo cha malaria kikasoma, sukari ilikuwa chini. Akapewa sukari ya mshipani, akaanzishwa sindano za artesunate, na kesho yake jioni akawa anauliza kwa haya kwa nini mikono ina alama. Siku ya tatu alikula ugali na migebuka akaomba nyongeza.

Kwa hiyo mtu aliyebadilika ghafla, aliyechanganyikiwa kwa siku chache, ambaye mchana ana nafuu na usiku anaharibika, kwanza ni mgonjwa wa mwili mpaka uthibitishe vingine. Pima joto, sukari, malaria, oksijeni. Angalia shingo kama imekakamaa. Uliza kama amegongwa kichwa, kama ana kifafa, anatumia dawa gani, hali yake ya VVU ikoje. Mzee je, amekojoa? Nimeona wazee wakiitwa wachawi kumbe kibofu kimejaa tangu jana.

Na uliza pombe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza umri. Mzee aliyezoea gongo kila siku akilazwa kwa mguu uliovunjika, ataanza kutetemeka ndani ya siku moja, na siku ya 2 au ya 3 anaweza kuanza kuona wadudu ukutani na kutaka kukimbia. Hiyo ni dharura, mwite daktari, na ukumbushe vitamini B1 itangulie kabla ya dripu ya sukari. Ukiuliza mapema hutafika huko.

Ndugu waliomleta kwa mganga kwanza usiwasimange. Ukiwasimanga leo, kesho watamtorosha wodini. Mimi huwaambia, "Ombeni, nanyi mnaruhusiwa, ila dripu hii isitolewe." Kamba zifunguliwe mapema iwezekanavyo, na aliyefunguliwa aambiwe alipo, ni siku gani, na mimi ni nani. Rudia hata mara kumi. Taa iwake, ndugu mmoja anayemfahamu akae karibu, na kelele zipungue kadiri wodi yetu inavyoruhusu, ambayo kusema kweli hairuhusu sana.

Mama aliyepoteza mtoto

Jambo nililolikosea vibaya kuliko yote ni hili. Mama alijifungua mtoto aliyefariki tumboni. Nilikuwa kijana, nikamshika bega nikasema, "Usijali, Mungu atakupa mwingine." Akageuza uso ukutani, na hakuniongelesha tena hadi anaruhusiwa. Hakutaka mwingine. Alimtaka huyo.

Leo nafanya hivi. Namtafutia kitanda mbali na wenye vichanga, hata kama ni kwenye kona ya wodi nyingine. Namuuliza kama anapenda kumwona mtoto na kumshika. Wapo wanaokataa, wapo wanaotaka, na wapo wanaokataa asubuhi wakataka mchana, kwa hiyo simharakishi. Nauliza kama alishampa jina, na nikishaambiwa nalitumia. Namwambia, "Hukufanya kosa," pale tu ninapojua ni kweli, na namwacha alie.

Kisha kuna jambo ambalo kwa miaka sikuwa namwambia mtu, na hakuna aliyekuwa ameniambia mimi: maziwa yatakuja. Siku ya pili hadi ya nne hivi matiti yatajaa kana kwamba mtoto yupo, na mama atakuwa nyumbani, peke yake, khanga imelowa. Mtayarishe. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, ameze dawa ya maumivu, asikamue isipokuwa kidogo tu yakizidi kumuuma. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, arudi. Mama mmoja alirudi kliniki kunishukuru kwa hilo tu.

Waliojifungua salama nao usiwasahau. Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 ni ya wengi na huisha ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, ulizia zaidi. Lakini mzazi ambaye halali kabisa, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ametumwa kumfanyia jambo, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Uliza kuhusu kifo waziwazi

Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu habari ya kujiua utampa wazo. Hapana. Wazo analo tayari au hana, na anayelo hupumua ukiuliza. Mimi napanda ngazi polepole: "Kuna siku unaona maisha yamekushinda? Kuna wakati umeona ni heri usingekuwepo? Umewahi kuwaza kujitoa uhai? Umeshafikiria namna?" Akifika huko, usishtuke usoni. Wala usimwahidi siri. Mwambie, "Hili siwezi kulibeba peke yangu, nitamwambia daktari na mwenzangu wa zamu, wengine hawatajua."

Kisha tenda. Mhamishie kitanda kinachoonekana kutoka mezani kwenu, mbali na dirisha na mlango. Asibaki peke yake, hata kwenda chooni awe na ndugu. Kusanya vitu vya hatari kimyakimya: wembe, mikanda, dawa alizokuja nazo mfukoni. Dawa anazomeza ameze mbele yako. Na iandikwe kwenye ripoti ya zamu kwa maneno yaleyale aliyoyasema.

Aliyeletwa baada ya kunywa sumu ana hofu nyingine juu ya ile ya kufa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na ndugu wanalijua hilo. Ndiyo maana utaambiwa "alikunywa kwa bahati mbaya, alidhani ni soda." Usibishane. Wewe si askari, ni muuguzi. Tibu sumu, mfunike, mwite jina. Aliyekuja akiona haya ukimpa dharau kidogo tu umemwongezea sababu. Nimesikia kwa masikio yangu mwenzetu akimwambia binti wa miaka 19, "Ungetaka kufa ungekufa." Nilimtoa nje ya wodi, na hatukuongea vizuri kwa mwezi mzima.

Hofu, na upepo wa ziwa

Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini Kigoma, tulitumwa kusaidia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla hawajapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikwenda nikidhani watu watataka kusimulia yaliyowapata. Mama wa kwanza niliyemkalia aliniuliza choo kiko wapi. Wa pili alitaka kujua mabegi yatashushwa lini na kama mwanawe mkubwa yumo kwenye safari inayofuata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 wa kumsaidia mtu aliyetoka kwenye janga unasema kwa maneno matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Pale uwanjani nililielewa lile la tatu. Mpe maji, mpe habari ya kweli, muunganishe na mtu wake. Usimchimbe. Akitaka kusimulia atasimulia.

Mvuvi aliyepinduka na mtumbwi usiku, akapoteza mdogo wake, alilazwa kwetu kitanda cha dirishani. Kila upepo ulipovuma anatoa jasho, anashika nguzo ya kitanda, anasema anakufa. Dawa ya kwanza ilikuwa kumhamisha kutoka dirishani, na nilijilaumu kwa kutoliona hilo siku mbili. Ya pili ni pumzi: "Nusa kama unanusa samaki anayekaangwa kwa mawese, polepole, hesabu nne. Sasa puliza kama unapoza uji wa mtoto, hesabu sita." Ukimwambia mtu "vuta pumzi ndefu" bila zaidi, atavuta kifuani haraka na kizunguzungu kitaongezeka. Uji unamfanya apulize taratibu. Ya tatu ni kumrudisha wodini: "Nitajie vitu vitano unavyoviona hapa." Akataja ndoo, dripu, chandarua, mzee wa kitanda cha pili, na viatu vyangu vilivyochakaa. Tukacheka. Lakini hofu ya kifua kumbuka kupima kwanza: mapigo, presha, oksijeni. Mshtuko wa moyo nao huja na jasho.

Mawazo mengine yana risiti

Kuna mawazo ambayo hayataki ushauri nasaha, yanataka hela. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, wodini kwetu tuliona akina baba wasiolala wala kuumwa kitu kipya. Ukiuliza, ni ada, ni deni la injini, ni bili ya hapa hospitali. Usimhubirie. Mwite afisa ustawi wa jamii mapema, siku ya kwanza, asingoje siku ya kuruhusiwa. Nilishaona mtu hali chakula siku mbili akihofia kila sahani inaongeza bili, kumbe chakula chenyewe kililetwa na shemeji yake.

Ndugu wanaouguza nao wapo. Yule dada aliyelala chini ya kitanda wiki nzima mpe dakika mbili, muulize amekula nini. Akianguka yeye, mgonjwa amebaki wako peke yako.

Kwako wewe nitasema machache. Usiende na maiti ya usiku nyumbani. Tunao utaratibu: baada ya usiku mbaya, tuliokuwa zamu tunakunywa chai pamoja kabla hatujatawanyika, na kila mmoja anasema jambo moja lililomkaa. Dakika kumi. Halafu mimi hushuka Kibirizi nikaangalie mitumbwi ikishusha dagaa, nikachoka kwa kelele za kawaida.

Siku ya kuruhusiwa

Kama ameanzishiwa dawa ya sonona, mwambie ukweli wake: usingizi na kinywa kukauka vinaweza kuja kwanza, nafuu ya moyo inakuja baada ya wiki 2 hadi 4, na akijisikia vizuri asiache mwenyewe. Asipoambiwa hivyo ataiacha siku ya tano akisema haifai. Kama bado unamhofia, dawa apewe za siku chache, na azitunze ndugu.

Muulize anakwenda kulala kwa nani usiku wa leo, na mtu huyo umwone kwa macho. Andika kwenye karatasi yake jina la muuguzi wa kumuulizia akirudi, maana "uje kliniki" haimwiti mtu, lakini "uje umuulize sista fulani" inamwita. Na tarehe: kama anatoka Kalya au Buhingu, huko kusini mwetu kando ya ziwa, usimwandikie Jumatatu kwa kuwa kliniki yako ni Jumatatu. Muulize kwanza boti inakuja siku gani.